Kuona na Kuonekana: Hodi ya Ndege Ndogo Juu ya Ziwa Victoria

Wahenga waliacha adabu moja ambayo haikuhitaji kuandikwa katika sheria yoyote ili ifuatwe, nayo ni adabu ya kupiga hodi. Mgeni afikaye mlangoni hupaza sauti kabla ya kuingia hata kama mlango u wazi, kwa kuwa walio ndani wana haki ya kujua kwamba kuna mtu anayekuja. Aingiaye kimyakimya, hata nia yake ikiwa njema kiasi gani, hujitia katika fungu la wezi na wadukuzi. Adabu hii imezoeleka ardhini kiasi kwamba watu huitimiza bila kuifikiria. Suala linalozingatiwa katika insha hii ni iwapo inafaa kufuatwa angani pia, hususan katika anga la Kisumu na ufuo wa Kenya wa Ziwa Victoria, ambako rubani wa ndege ndogo anaweza kuruka saa nzima bila kuona ndege nyingine yoyote, akajidanganya kwamba hakuna.

Kisumu si mgeni wa ndege. Mji huu, uliofikiwa na reli mnamo 1901 ukiitwa Port Florence, ulikuwa katika miaka ya 1930 mojawapo ya vituo vya ndege za majini za kampuni ya Imperial Airways, zilizokuwa zikitua juu ya maji ya ghuba kama mabata. Leo uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kisumu, ulio kando kabisa ya ziwa, hupokea ndege za abiria kutoka Nairobi kila siku. Aidha, kuna viwanja vidogo vya Kabunde huko Homa Bay na Lichota huko Migori, na vingine vya visiwani Rusinga na Mfangano. Upande wa mashariki, kutoka Chemelil, ndege zisizo na rubani za kampuni ya Zipline hupeleka damu na dawa hospitalini. Isitoshe, kuna wenyeji wa kale wa anga hilo: kongoti wanaopanda na hewa ya joto bila kupiga bawa, furukombe wanaovizia samaki, na visubi wa ziwani wanaopaa kwa mamilioni hata wakaonekana kama moshi. Alasiri nazo huleta mawingu ya radi kutoka ziwani na kutoka miinuko ya Nandi, na kila rubani akayakwepa kwa kupita katika mwanya uleule ambao mwenzake ameuona. Anga hilo, basi, si tupu hata kidogo.

Kwa miaka mingi marubani wa ndege ndogo wamefundishwa kanuni ya kuona na kukwepa: fungua macho, tazama pande zote, ukiona ndege igeuke. Ni kanuni nzuri, lakini jicho la mwanadamu lina mipaka. Ndege mbili zinazoelekeana, kila moja ikienda kilomita 200 kwa saa, husogeleana kwa zaidi ya mita 110 kila sekunde. Mafunzo ya urubani hukadiria kwamba rubani huhitaji takriban sekunde 12 ili aone, atambue, aamue, na ndege yenyewe ianze kugeuka. Katika sekunde hizo 12 umbali wa zaidi ya kilomita moja huwa umekwisha kumezwa. Fauka ya hayo, ndege iliyo katika njia ya kugongana na nyingine haionekani kusogea dirishani. Hukaa mahali pamoja, kama doa la uchafu kwenye kioo, mpaka dakika ya mwisho inapokua ghafla.

Uchungu wa mipaka hiyo ulionekana nchini Kenya asubuhi ya tarehe 5 Machi 2024. Ndege ya abiria aina ya Dash 8, iliyokuwa imetoka uwanja wa Wilson kwenda Diani ikiwa na watu 44, iligongana na ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172 juu ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Ile kubwa ilirudi na kutua salama. Katika ile ndogo, mkufunzi na mwanafunzi wake waliaga dunia. Habari hizo ziliwafikia marubani wote wa nchi, na kila mmoja alijiuliza swali lilelile faraghani.

Mmoja wa waliojiuliza ni daktari wa upasuaji wa mjini Kisumu, mtu wa miaka hamsini na ushei, ambaye pamoja na washirika wawili, wakili na mfanyabiashara wa samaki, anamiliki ndege moja kuukuu ya injini moja na viti vinne. Daktari huitumia kwenda kliniki za Homa Bay, Migori na Mfangano mara mbili kwa mwezi. Mfanyabiashara huitumia kufuata biashara yake ya mbuta. Naye wakili, kwa maneno yake mwenyewe, huitumia kupumzika na binadamu. Majuma machache baada ya msiba wa Nairobi, Daktari na wakili walikuwa wakirejea kutoka Mfangano alasiri moja, mita mia sita hivi juu ya maji, wakati ndege nyeupe ilipopita chini yao kutoka kushoto kwenda kulia. Ilikuwa karibu kiasi kwamba wakili aliweza kuhesabu madirisha yake. Hakuna aliyekuwa ameiona ikija. Redioni hapakusikika neno. Walitua Kisumu wakiwa kimya, na wakili akakaa garini kwa muda mrefu kabla ya kuwasha injini.

Haukupita mwezi, transponda ya ndege hiyo ikafa. Fundi aliyekuja kutoka Wilson kuikagua aliifungua, akaifunga, kisha akasema kwamba vipuri vyake havitengenezwi tena. Washirika walikuwa wametenga fedha kwa ajili ya kuipaka ndege rangi upya. Sasa iliwabidi waamue fedha hizo zinunue nini, na hazikutosha kununua kila kitu.

Wakili ndiye aliyetangulia kutoa pendekezo. Alitaka kinunuliwe kipokezi kidogo kinachonasa matangazo ya ndege nyingine na kuzionyesha kwenye kishikwambi, kila ndege ikiwa mshale mdogo wenye kimo chake. Bei yake, pamoja na kishikwambi chenyewe, ilikuwa chini ya robo ya bei ya transponda mpya. Hoja yake ilikuwa na nguvu ya mtu aliyekiona kifo kikipita chini ya kiti chake.

"Daktari," alisema, "siku ile sisi hatukuona. Dawa ya asiyeona ni kupewa macho. Ninunulieni macho."

Fundi hakumpinga moja kwa moja. Aliuliza tu, kwa heshima, "Na yule wa ndege nyeupe, wakili, yeye angekuona kwa kitu gani?"

Hapo ndipo mke wa Daktari alipoingia katika mazungumzo. Yeye ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili, na mumewe humwita Mwalimu hata nyumbani. Alikuwa amechoshwa na majina ya vifaa hivyo, ambayo wanaume wale waliyatamka kama kwamba kuyatamka ni kuyaelewa. Alimtaka fundi aeleze kila kifaa kinafanya kazi gani, naye atakitafutia jina.

Fundi alianza na transponda ya kawaida. Rada ya ardhini hutuma swali angani; transponda hulisikia na kujibu kwa namba ya tarakimu nne ambayo rubani ameagizwa kuiweka, na ikiwa imeunganishwa na kipima-kimo hujibu pia kwa kimo cha ndege. Kila tarakimu ni kati ya 0 na 7, hivyo namba zote ni 4,096. Baadhi zina maana maalumu duniani kote: 7700 ni dharura, 7600 ni redio iliyokufa, 7500 ni ndege iliyotekwa. Mwalimu alitabasamu. "Hicho ni kiitikio," alisema. "Mwimbishaji huanza, nacho hujibu. Asipoimba mwimbishaji, kiitikio hunyamaza."

Jina lilikuwa sahihi kuliko alivyodhani, maana lilionyesha pia upungufu wa kifaa chenyewe. Mawimbi ya rada husafiri kwa mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Ndege iliyo mita 300 juu ya ziwa huanza kufichwa na mbinuko wa dunia ikiwa umbali wa kilomita 70 hivi kutoka kwa antena iliyo karibu na ardhi. Mfangano ni zaidi ya kilomita 80 kutoka Kisumu. Kwa hivyo ndege ndogo inayoshuka kuelekea kisiwani haina mwimbishaji wa ardhini wa kuiongoza. Ni kweli kwamba ndege kubwa za abiria hubeba kifaa kinachouliza maswali chenyewe, na kiitikio huzijibu hizo pia. Lakini ndege mbili ndogo zisizo na chombo cha kuuliza hupishana kama waitikiaji wawili wanaosubiri wimbo ambao hakuna wa kuuanzisha.

Kifaa cha pili ni kile ambacho marubani hukiita ADS-B. Hiki hakisubiri kuulizwa. Hupata mahali pa ndege kutoka kwa setilaiti, kisha hutangaza kwa yeyote mwenye masikio: mimi ni fulani, niko hapa, kimo changu ni hiki, naelekea kule kwa mwendo huu. Tangazo la mahali hurudiwa mara mbili hivi kila sekunde. Transponda nyingi mpya hufanya kazi zote mbili, kuitika na kutangaza. Marekani ilikifanya kuwa lazima katika sehemu kubwa ya anga lake linalodhibitiwa kuanzia tarehe 1 Januari 2020.

"Hiyo," alisema Mwalimu, "ni hodi."

Kutokana na neno hilo, mjadala wote uligeuka. Kipokezi alichokitaka wakili hakina macho ya kwake. Kinasikia hodi za wengine tu. Ndege isiyopiga hodi haionekani kwenye kishikwambi, na mara nyingi zisizopiga hodi ni zile ndogo na kuukuu zinazoruka chini, ambazo ndizo hasa zinazokutana na ndege ya akina Daktari. Vipo vipokezi vinavyonasa hata majibu ya transponda za kawaida, lakini hivyo huweza kukisia umbali kwa nguvu ya sauti tu, bila kujua upande inakotoka. Fundi aliwachorea mfano mchangani. Chukueni ndege tatu juu ya Mfangano, alisema, na kila moja iwe imenunua kipokezi bila kitangazi. Skrini zote tatu zitaonyesha anga safi, na marubani wote watatu watatulia. Wote wamenunua macho, na hakuna aliyenunua cha kuonekana nacho. Utulivu wao ni hatari kuliko hofu waliyokuwa nayo kabla ya kununua, kwa maana mwenye hofu walau hutazama nje.

Mfanyabiashara, ambaye hupenda mambo yaishe haraka, alileta suluhu yake. Binamu yake aishiye Marekani alikuwa amepata kitangazi kilichokwisha kutumika, kwa bei ya kutupa. Fundi aliomba kuona namba zake, akazisoma, akacheka. Kifaa kile kilitangaza katika masafa ya megahezi 978, ambayo hutumiwa nchini Marekani tu na ndege zinazoruka chini ya futi 18,000. Kwingineko duniani, Kenya ikiwemo, lugha ya anga ni megahezi 1090. Kununua kile kungekuwa sawa na kupiga hodi kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja nyumbani anayeielewa. Rahisi, kama wasemavyo, huwa ghali.

Si kwamba vifaa vikiwepo huondoa haja ya akili na makubaliano. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, ndege mbili kubwa ziligongana juu ya mji wa Überlingen nchini Ujerumani, kando ya Ziwa Constance ambalo, kama Ziwa Victoria, limezungukwa na nchi tatu. Watu 71 walifariki. Ndege zote mbili zilikuwa na kifaa cha kuepusha migongano, nacho kiliagiza moja ipae na nyingine ishuke. Mwongozaji ndege wa ardhini, bila kujua kifaa kimesema nini, aliiamuru ile iliyoambiwa ipae ishuke. Marubani wake walimtii binadamu, na zote mbili zikashuka. Baada ya msiba huo kanuni za kimataifa zilitilia mkazo kwamba agizo la kifaa hicho lifuatwe hata likipingana na la mwongozaji. Ndege za kiwango cha akina Daktari hazibebi kifaa hicho, ila funzo lake linazihusu: usalama wa wawili hujengwa juu ya jambo ambalo wote wawili wamekubaliana, na makubaliano ya kwanza ni kila mmoja kumjulisha mwenzake kwamba yupo.

Lakini Mwalimu alikuwa na dai lake, nalo halikuhusu kugongana. Mwanamke ambaye mumewe huvuka ziwa mara mbili kwa mwezi hawazi sana juu ya ndege nyeupe. Huwaza juu ya saa kumi na mbili jioni na simu isiyopatikana. Alikumbusha kwamba tarehe 5 Juni 2018 ndege ndogo iliyotoka Kitale kwenda Nairobi ikiwa na watu 10 ilitoweka, na kwamba mabaki yake yalipatikana katika milima ya Aberdare tarehe 7, wote wakiwa wameaga. Alikumbusha pia ndege ya Malaysia iliyokuwa na watu 239, ambayo kiitikio chake kilinyamaza tarehe 8 Machi 2014, na dunia nzima pamoja na setilaiti zake ikashindwa kusema ilikoangukia. "Ninyi mnazungumzia kuona na kuonekana," alisema. "Mimi nauliza kuhusu kutafutwa."

Fundi alimwonyesha kile kisanduku kilichofungwa mkiani, ambacho huamshwa na kishindo cha ajali na kuanza kulia katika masafa ya megahezi 406, yanayosikika na setilaiti za uokoaji. Mwalimu alikiita mbiu ya mgambo, maana ikilia kuna jambo. Visanduku vya zamani vililia katika megahezi 121.5 pekee, na setilaiti ziliacha kuvisikiliza tangu tarehe 1 Februari 2009. Hiki chao kilikuwa cha aina mpya. Hata hivyo, fundi alipofuatilia namba yake, ilibainika kwamba ilikuwa bado imeandikishwa kwa jina na simu ya mmiliki wa awali. Laiti kisanduku kingelia, waokoaji wangempigia mtu ambaye hakuwa ameigusa ndege hiyo kwa miaka saba. Marekebisho yake hayakugharimu chochote ila fomu na uangalifu, lakini wote watatu walinyamaza kwa muda.

Pamoja na hayo, mbiu hiyo ina udhaifu mmoja ambao katika ufuo huu hauwezi kupuuzwa: mawimbi yake hayapenyi maji. Ndege ikizama na antena yake, kilio huzama nayo. Kwa hiyo anayevuka ziwa anahitaji kitu kinachoacha nyayo kabla ya ajali. Vipo vifaa vidogo, vya ukubwa wa simu, ambavyo hutuma mahali vilipo kupitia setilaiti bila kutegemea mtandao wa simu, kila baada ya dakika kadhaa, na aliye nyumbani akafuata safari kwenye tarakilishi. Bei yake ni ndogo, ingawa kuna ada ya kila mwezi. Mwalimu alichukua kalamu akakokotoa. Kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa, nyayo za kila dakika 10 huachana kwa kilomita 33, nafasi inayotosha kumeza Rusinga na Mfangano pamoja. Nyayo za kila dakika mbili huachana kwa kilomita zisizofika saba, na hapo mashua inaweza kutafuta. "Dakika mbili," alisema, na hakuna aliyebishana naye.

Jioni ile walikwenda Dunga kula samaki, na huko wakamkuta mvuvi mkongwe ambaye Daktari aliwahi kumtibu mkono. Daktari alimwamkia, "Jaduong'," akamkaribisha mezani, na mazungumzo yakafika kwenye taa za wavuvi wa omena, ambazo usiku usio na mbalamwezi hulifanya ziwa lionekane kama mji mwingine. Wakili aliuliza kama taa zile ni za kuvutia samaki tu. Mzee alijibu kwamba taa huvutia omena, ndiyo, lakini hata mwenye nyavu za ngege, asiyehitaji taa kwa kazi yake, hubeba ndogo. Mashua za injini zinakwenda kasi siku hizi. Asiye na taa anaziona zote vizuri sana, alisema, mpaka ile inayompanda.

Kisha mzee akataja, bila kuulizwa, ndege ya Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyokuwa na watu 43 ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, upande wa Tanzania, katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 walikufa. Waliofika kwanza kuokoa walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi yao. Kwa maoni ya mzee jambo lilikuwa jepesi kueleza: ilianguka mahali ambapo watu wanaiona. Ingeanguka katikati ya Nam Lolwe, alisema akilitaja ziwa kwa jina lake la Kijaluo, mitumbwi ingekuwepo vilevile na isingejua pa kwenda.

Lilibaki pingamizi moja, na wakili alilitoa usiku ule wakielekea magari yao. Alikuwa amesikia kwamba matangazo ya ndege hunaswa na watu wa kawaida wenye antena majumbani, kisha yakawekwa kwenye mtandao, hata mtu aliye London akaweza kujua ndege fulani ya Kisumu iko wapi. "Angani ndipo mahali pekee ambapo simu hainipati," alisema. "Nanyi mnataka nitangaze." Si haki kulidharau pingamizi hili. Faragha ni haki, na wakili ana wateja na maadui. Daktari alitafakari kabla ya kumjibu. Alimwambia kwamba nyumbani mtu ana haki ya kufunga mlango, lakini njiani hakuna mwenye haki ya kuzima taa za gari kwa sababu hataki majirani wajue anakokwenda. Giza lake angelilipa yule anayekuja upande wa pili. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba wale wawili wa Nairobi, mkufunzi na mwanafunzi wake, wangependa sana kujulikana walipokuwa asubuhi ile.

Uamuzi ulifikiwa wiki iliyofuata. Rangi iliahirishwa. Walinunua transponda mpya inayoitika na kutangaza, ikafungwa na fundi kwa utaratibu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya na kupewa namba ya utambulisho ya ndege yenyewe. Mbiu ya mkiani iliandikishwa upya, ikabadilishwa betri. Kifaa cha nyayo kilinunuliwa kwa fedha za Mwalimu mwenyewe, aliyekataa kurudishiwa. Kishikwambi cha wakili kiliachwa mpaka mwaka mwingine. Wakili alikuwa wa mwisho kutoa mchango wake, lakini aliutoa wote.

Mpangilio huo una hekima inayowafaa hata wasiomiliki ndege. Kati ya kuona, kuonekana na kutafutwa, washirika walitanguliza lile linalowafaa wengine kabla ya kuwafaa wao, wakaliweka mwisho lile linalomridhisha mnunuzi kwa kumpa picha ya kutazama. Kifaa cha kuonekana hakimpi mwenyewe chochote cha kutazama: ni namba ndogo na taa inayopepesa. Faida yake iko katika ndege ya mtu mwingine, asiyejulikana, ambaye huenda asijue kamwe kwamba alisaidiwa. Na ikiwa kila mmoja atanunua kwa ajili ya mwenzake, hakuna atakayekosa.

Ni kweli kwamba hodi hiyo haimaanishi chochote kwa kongoti, wala kwa ndege kuukuu isiyo na kifaa. Kwa hao, macho ya rubani hayajapata mbadala, na Daktari bado hugeuza kichwa kulia na kushoto hadi shingo ikamuuma. Katika safari ya kwanza na kifaa kipya, wakili aliitazama ile taa ndogo ikipepesa juu ya maji matupu kati ya Rusinga na Mfangano, akauliza ni nani hasa anayewasikia huku. Daktari alimjibu kwamba hajui. Wakili alinyamaza kidogo, kisha akatikisa kichwa kukubali. Apigaye hodi hapigi kwa kuwa anajua kuna mtu ndani. Hupiga kwa kuwa hajui.